Mfumo mpya umefika kijijini: nani aliujaribu kabla yetu?

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, simu ya studio yetu hujaa swali lile lile kwa sauti tofauti. Nimebonyeza kama mlivyotangaza, imegoma. Nimefika namba nne, ikanirudisha mwanzo. Meseji imeingia, lakini sielewi inataka nini. Msimu uliopita mama mmoja wa Endabash alituuliza hewani, bila kuzunguka: "Hivi simu ndiyo mbovu, au ni mimi?"

Tulimjibu avute subira, mtandao unasumbua. Baada ya kipindi tulikaa na kukubaliana kwamba jibu lile halikuwa la kweli. Siku ile mtandao ulikuwa mzuri, simu yake nzima, na yeye mwenyewe anaweka hesabu za kikundi cha akina mama bila kukosea hata shilingi. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa.

Tuangalie kwanza hali ilivyo. Kwa miaka hii michache, mambo mengi tuliyokuwa tunayafuata kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji yamehamia kwenye simu. Laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 wasiosajili wakaanza kuzimiwa. Malipo ya serikali yanafanyika kwa kumbukumbu namba yenye tarakimu 12. Tangu msimu wa 2022/2023, anayetaka mbolea ya ruzuku anajiandikisha kijijini kwake, anapata namba, na anaenda nayo duka la pembejeo. Juu ya hayo kuna programu za bei za mazao, za hali ya hewa, za mikopo ya vikundi, za bima ya mifugo, zinazoletwa na miradi na kampuni. Nyingine hudumu msimu mmoja tu, tukabaki na fulana zake.

Hatusemi mambo haya ni mabaya. Anayekumbuka kupanda gari kutoka Endabash hadi Karatu mjini kwenda kulipia kitu cha elfu mbili, akakuta dirisha limefungwa, hawezi kuzililia zama zile.

Kinachotusumbua ni kile kinachofuata pale mfumo unapomshinda mtu. Taarifa inayotufikia studio karibu kila mara huwa na sentensi hii: wananchi wapewe elimu. Kisha redio inalipwa kusoma tangazo la bonyeza nyota, chagua nne, chagua mbili, weka namba, alama ya reli, piga. Tumesoma matangazo hayo mengi na tumekula fedha yake, kwa hiyo haya tunayoyasema yanatuhusu na sisi. Lakini tujiulize: jembe lina tangazo la kufundisha lishikwe upande gani? Ikiwa menyu inahitaji dakika mbili za redio kila siku kwa wiki tatu ili mtu aweze kuipita, kuna kazi ambayo haikufanyika kabla ya menyu hiyo kutoka.

Kazi yenyewe ina jina katika fani ya kompyuta, na kwa lugha rahisi ni kuijaribu programu mikononi mwa watu watakaoitumia. Haina maajabu. Unamchukua mkulima, unampa simu ya aina anayotumia yeye, kitochi kama ana kitochi, na unampa jambo la kweli la kufanya: una ekari mbili, jiandikishe upate mbolea. Unamwomba aseme kwa sauti anachofikiri kila anapobonyeza. Halafu unanyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Aliyetengeneza programu akimwona mzee amebonyeza pasipo, mkono unamwasha. Anataka kusema "hapana mzee, pale juu." Akishasema hivyo jaribio limekwisha, kwa sababu siku ya siku mzee atakuwa peke yake dukani na yeye hatakuwepo. Anatakiwa aandike tu: amesimama hapa, amerudi nyuma hapa, hapa amemwuliza jirani, neno hili amelisoma mara tatu. Na kabla ya yote amwambie mzee waziwazi kwamba kinachopimwa ni programu. Kwetu jambo hili lina uzito. Mtu mzima akipewa simu mbele ya kijana wa mjini mwenye daftari anaona yuko kwenye mtihani, na atasema ameelewa hata kama hajaelewa, kwa heshima tu.

Hawahitajiki watu wengi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kuonyesha karibu asilimia 85 ya kasoro, na kwamba ni bora kuwajaribisha watano, urekebishe, kisha uwajaribishe watano wengine, kuliko kuwakusanya watu wengi kwa mara moja. Hesabu hiyo imebishaniwa sana, na sisi tunaweka angalizo letu: watano wake ni watu wanaofanana. Kwa Karatu, mkulima wa mbaazi wa Endabash, mlima vitunguu wa Mang'ola, mfugaji wa Kidatoga na kijana wa bodaboda hawashiki simu kwa namna moja. Watano wa kundi moja hawawezi kuwasemea wengine. Hata hivyo, hata ukichukua watano wa kila kundi, kazi inakwisha ndani ya siku chache, na gharama yake haifiki bei ya uzinduzi mmoja wenye hema, viti vya kukodi na mgeni rasmi.

Mfano mkubwa kuliko yote hauko mbali. Kila mmoja wetu anautumia.

Oktoba 2005, huko Kenya, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma ya kulipa fedha kwa simu. Waliiongoza Waingereza wawili, Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya fedha ilitoka katika mfuko wa serikali ya Uingereza. Wazo la mwanzo halikuwa kutuma pesa kwa bibi. Lilikuwa mkopo: wanachama wa vikundi vya shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya wapokee mikopo na kuirejesha kwa simu, badala ya kubeba noti kwenda kwenye mkutano wa kikundi. Waliwachukua watu wasiofika 500, mawakala wanane, katika maeneo ya Nairobi na mji wa Thika. Lonie alihamia kule, akawa anakaa na watu hao na kuangalia wanachofanya.

Walichokiona hakikuwa kwenye karatasi za mradi. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya jioni kwa wakala, kwa kuwa benki ilikuwa imefunga na duka la wakala bado liko wazi, asubuhi wakayatoa. Msafiri aliweka fedha alikotoka akazitoa alikofika, asitembee na noti njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa huduma hiyo na kuwarushia ndugu zao vijijini, ndugu akauuza apate taslimu. Upande wa mikopo, uliokuwa ndio sababu ya yote, ulizidi kuwa mgumu: kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya shirika kulileta kazi nyingi.

Wangeweza kusema watu hawajaelewa mradi, wapewe elimu. Walifanya kinyume. Waliufuata mwenendo wa watu, wakauweka mkopo pembeni, na tarehe 6 Machi 2007 Safaricom wakazindua M-Pesa kwa ahadi moja nyepesi, tuma pesa nyumbani. Wazo lililokuja kubadilisha maisha ya Afrika Mashariki lilitoka kwa watu wasiofika mia tano wa Nairobi na Thika, ambao hata hawakujua kwamba wanatoa wazo.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo penye funzo ambalo husahaulika. Vodacom waliileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Huduma ni ile ile, jina lile lile, na lugha yetu ya Kiswahili tayari ipo. Baada ya miezi 14, Kenya ilikuwa na wateja wapatao milioni 2.7. Tanzania, baada ya muda kama huo, ilikuwa na takriban 280,000. Sababu zilikuwa kadhaa: nchi kubwa, mawakala wachache tena mbali, kampuni za simu nyingi zinazogawana wateja, na viwango vya makato ambavyo mteja wetu hakuvielewa vizuri. Baadaye mambo yalirekebishwa, na leo wakala yuko mpaka kwenye vitongoji vyetu. Ila ukweli unabaki kwamba kilichojaribiwa Thika kilikuwa kimejaribiwa Thika. Kuvuka mpaka wa Namanga kulitosha kukifanya kiwe kitu kingine.

Kwa hiyo mtu akituambia programu yake imefanya vizuri Dar es Salaam au Nairobi, tunampongeza, kisha tunamwuliza kuhusu Endabash.

Tanzania nayo ina mfano wake mzuri, na haujulikani sana. Miaka ya 2007 na 2008, watafiti wakiwemo Brian DeRenzi wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake Watanzania waliandaa programu ya kompyuta ndogo ya mkononi kwa ajili ya zahanati za mkoa wa Mtwara. Ilimwongoza mganga swali kwa swali anapompima mtoto wa chini ya miaka 5, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mwongozo huo upo kwenye kitabu, lakini mbele ya foleni ya akina mama wenye watoto wanaolia, kitabu hakifunguliwi. Programu ile haikuishia kwenye meza ya chuo. Ilipelekwa kwenye chumba cha zahanati, ikatumika kwa wagonjwa wa kweli, na watafiti wakakaa pembeni kulinganisha. Waganga walijifunza upesi kuitumia, muda wa kumwona mtoto haukuongezeka sana, na hatua za mwongozo zilizorukwa zikapungua. Kama wangewauliza waganga kwenye semina tu, "mnafuata mwongozo?", tunadhani wote wangejibu ndiyo.

Hapo ndipo tofauti kati ya kuuliza na kuangalia. Wengi wanaokuja vijijini wanauliza. Wanagawa dodoso: je, umeipenda programu? Kwa ukarimu wetu, nani atasema hapana mbele ya mgeni aliyemnunulia soda?

Tulipofika hapa kwenye majadiliano yetu, mwenzetu mmoja wa chumba cha habari akauliza, na tovuti yetu sisi nani aliijaribu? Kimya. Ukweli ni kwamba ilitengenezwa na fundi mmoja mjini, tukaiona kwenye kompyuta ya ofisi, tukaisifu picha, tukaitangaza.

Basi siku ya mnada tulikwenda Endabash na simu mbili, moja janja ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, nyingine kitochi kinachofungua intaneti kwa shida. Tuliwaomba watu watano, mmoja mmoja, chini ya mti: tafuta bei ya mahindi ya wiki hii. Tuliwaambia tunaipima tovuti, wao hatuwapimi. Tuliwaomba ruhusa kabla ya kuandika chochote, na majina yao hatukuyaandika, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023 jambo hili si la hiari.

Kati ya watano, aliyeipata bei ni mmoja, kijana wa bodaboda, na aliipata kwa bahati.

Mzee wa kwanza alibonyeza picha ya mtangazaji, akaiweka simu sikioni. Alikaa hivyo kwa muda, akasema, "Huyu leo haongei." Tulicheka, naye akacheka, lakini alikuwa sahihi kabisa: ameona picha ya mtu wa redio, akategemea sauti. Mama aliyemfuata alikuta neno "Masoko" akalipita, kwani kwake soko ni mahali pa kwenda. Alikuwa anatafuta neno "bei". Wa tatu alikwama kwenye picha kubwa iliyokuwa inajifungua taratibu. Alipoambiwa bando ni letu alipumua, akasema kama lingekuwa lake angeshazima. Wa nne aliipata habari yenyewe, ila bei ilikuwa kwa kilo. Mnadani watu wanauza kwa debe na kwa gunia. Alianza kuzidisha kwa vidole, akachoka, akaturudishia simu.

Lililotugusa kuliko yote lilitokea tulipoongeza jaribio dogo la fomu ya kujiandikisha kupokea meseji zetu. Mwishoni mwa fomu kulikuwa na neno "Wasilisha". Mama yule yule wa "bei" alijaza kila kitu vizuri, akafika hapo, akasimama. Tukanyamaza kama tulivyojifundisha. Mwishowe akauliza, "Niwasilishe wapi sasa, kwa mtendaji au kwenu Karatu?" Kijijini kuwasilisha ni kubeba karatasi na kuipeleka kwa mkono wako. Neno tuliloliona sanifu na zuri lilimwambia afunge safari. Na mlima vitunguu aliyeandika makazi yake ni Mang'ola alikataliwa na fomu, kwa sababu fundi hakuwa ameiruhusu ile alama ya ng'. Fomu ya redio ya Karatu ilikuwa inakataa jina la mahali pa Karatu.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyehitaji elimu. Tulihitaji kubadilisha maneno manne, kuondoa picha moja na kuandika bei ya debe. Fundi alimaliza kwa siku moja.

Kwetu ilikuwa aibu ndogo. Kwa mfumo wa mbolea au mkopo, hasara yake ni ya aina nyingine. Fomu ikiuliza hekta na mkulima akajibu ekari, anahesabika na shamba kubwa zaidi ya mara mbili ya alilonalo. Menyu ikijikata kabla mtu hajamaliza kusoma, anaanza upya, na mara ya tatu anaacha. Mvua haimsubiri.

Na kuna hasara nyingine inayotutisha kuliko hizo. Mtu aliyeshindwa na menyu hakai bila huduma. Anampa simu kijana, wakala, mjukuu, mtu wa foleni, pamoja na namba yake ya siri. Tunapokea malalamiko ya wizi wa namna hii mara kwa mara, na kila mara tunasoma onyo lile lile: usimpe mtu namba yako ya siri. Onyo ni sahihi. Lakini tukiunda vitu ambavyo bibi hawezi kuvifanya peke yake, kisha tukamkataza asisaidiwe, tumemwacha achague kati ya kuibiwa na kukosa. Programu iliyojaribiwa na mtu wa umri wake ingeziba tundu hilo kabla ya polisi kuingia.

Kwa nini basi haifanyiki? Tumewauliza watengenezaji wawili watatu tunaowafahamu. Wanasema zabuni hulipa kwa mfumo uliokamilika na tarehe ya kuukabidhi, na kipengele cha kuujaribu kwa wananchi hakimo. Kikiwemo, kinafanyika kwa maofisa walioagiza mfumo, ambao wana simu kubwa, miwani mizuri na intaneti ya ofisi. Wengine wanaogopa wakionyesha kasoro mapema mteja ataona hawajui kazi. Sababu hizo tunazielewa, na hatuoni kama zinatosha.

Madiwani na wenyeviti wa vijiji wana nafasi hapa ambayo hawajaitumia. Mradi wowote wa simu hupita kwao kabla ya kuingia kijijini. Badala ya kuuliza tu mafunzo yatafanyika lini na posho ni kiasi gani, wangeweza kuuliza ni nani, wa umri gani, kwa simu gani, alishaujaribu mfumo huu akiwa peke yake, na ni kitu gani kilibadilishwa baada ya hapo. Swali la mwisho ndilo zito. Kama hakuna kilichobadilishwa, basi hapakuwa na jaribio, palikuwa na maonyesho. Nawe msikilizaji, ukiitwa kwenye kikao na kupewa simu ujaribu kitu, usione haya kusema hujaelewa. Taja neno lililokukwamisha. Ukinyamaza kwa adabu, watakaokwama baada yako ni mamia.

Upande wetu, tumerudi Endabash mara ya pili na watu watano wengine. Safari hii wanne waliipata bei ya mahindi. Wa tano, bibi mmoja mwenye kitochi, hakuipata, na tumeshaelewa kwa nini: herufi zetu kwenye kioo kidogo zinapangana hadi hazisomeki. Fundi bado anahangaika na hilo. Kwa sasa bei hizo tunazisoma hewani asubuhi na jioni kwa debe na kwa gunia, na yule mama aliyetuuliza kama ni simu au ni yeye tumempigia kumwambia kwamba hakuwa yeye.